Boksi limeandikwa wati 300, mbona mtaa bado giza?

Leo tuache kidogo mambo ya kupiga picha za bidhaa na ya kumjibu mteja wa "mwisho shilingi ngapi". Leo naongelea taa za mtaani, zile zinazomulika njia ya kwenda nyumbani. Kama unauza nguo au viatu usipite haraka, maana mzigo wako ukienda kwa mteja usiku unapita njia hizohizo. Na kama unauza vifaa vya umeme kama mimi, soma mpaka chini. Kuna hela yangu ilipotea humu, na jina langu nusura lipotee nayo.

Mimi nina duka dogo la vifaa vya umeme na vya simu hapa Tabora mjini. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakagoma, nikaanza na meza ya chaja na kava za simu karibu na soko. Umeme sijausomea chuo. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa mafundi, kwa kusoma kwenye simu usiku, na kwa kula hasara.

Ilianza hivi. Wateja wangu wengi wa mtandaoni ni watu wa ajira: manesi, walimu, askari. Wanaagiza mchana wakiwa kazini, mzigo wanautaka wakisharudi nyumbani. Yaani kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Na Tabora jua linazama kwenye saa moja, zikizidi au zikipungua dakika chache, mwaka mzima. Kwa hiyo biashara ya kupeleka mizigo huku kwetu ni biashara ya gizani, upende usipende.

Jioni moja nilikuwa nimeshafunga duka, basi la kutoka Dar likaingia na boksi langu la vioo vya simu. Nikamtuma bodaboda aliletee nyumbani. Mtaani kwetu kuna mtaro haujafunikwa, na taa hakuna. Tairi la mbele likaingia. Kijana akaumia goti, si sana, tukamshukuru Mungu. Vioo vilikuwa ishirini, kumi na moja vikapasuka. Fikiria mzigo umetoka Kariakoo, umepita Morogoro, Dodoma, Manyoni, umefika salama, halafu unakuja kuvunjikia mita mia mbili kutoka mlangoni kwangu.

Hii njia ya kutoka pwani kuja Tabora ni ya zamani kuliko sisi sote. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ambayo ndo hapa kwetu, mwezi Novemba. Misafara ile, na wapagazi wake wengi Wanyamwezi, ilikuwa inaanza kutembea alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Usiku ilikuwa ni moto na boma la miiba, basi. Wao usiku walikuwa wanajificha, sisi usiku ndo tunapeleka mizigo. Ndiyo maana nasema taa ni suala la biashara.

Turudi mtaani. Baada ya ile ajali tukakaa kikao. Kumbe kila mtu alikuwa na lake. Mama mmoja anayekaanga mihogo na samaki barazani alikuwa anafunga giza likiingia tu, na wateja ndo kwanza wanatoka kazini. Mwingine binti yake anasoma masomo ya jioni, kila siku lazima mtu aende kumchukua njia panda. Tukakubaliana nyumba kumi na nne, kila nyumba elfu kumi. Zikapatikana 140,000. Taa anauza nani? Mimi hapa. Nilikuwa nazo za sola, zile zenye paneli, betri na taa vyote kwenye kipande kimoja. Bei 35,000 kila moja. Zikanunuliwa nne, tukazifunga kwenye nguzo za mbao tulizochimbia wenyewe.

Tangazo langu lilikuwa linasema: "WATI 300, SOLA, INAWAKA USIKU KUCHA." Niliyatoa wapi maneno hayo? Kwenye boksi. Nilinakili tu.

Wiki ya kwanza mtaa mzima ulikuwa unanisifia. Tulifurahi kwa sababu wengi wetu saa nne tumeshalala. Aliyekuja kuniambia ukweli ni mlinzi wa stoo ya jirani, ambaye yeye halali: "Bosi, zile taa zako ikifika saa nne zinakwisha." Nikasema labda hazijashika chaji. Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza, mawingu siku nzima, ikawa saa mbili na nusu tu giza. Mzee mmoja jirani yangu, mtu wa heshima zake, alikuja dukani, akasalimia vizuri, akakaa kwenye kiti, akasema: "Mjukuu wangu, ulituuzia boksi. Taa hukutuuzia."

Ningejitetea vipi? Nilimwita fundi ninayefanya naye kazi tukafungua moja mezani. Tulichokikuta ndicho hasa nataka ukielewe leo.

Betri yake ilikuwa imeandikwa 3.2V, 10Ah. Zidisha hizo mbili unapata 32. Hizo ni wati-saa, yaani ujazo wa betri, kama lita za ndoo. Ukitaka ndoo ya 32 ikutoshe usiku wa saa kumi na mbili, gawanya: unapata chini ya wati tatu. Tatu, si mia tatu! Ukiifungulia wati kumi ili mtaa uwake vizuri, ndoo inakauka kwa saa tatu na kidogo. Toka saa moja mpaka saa nne. Mlinzi alikuwa sahihi kuliko boksi.

Tukaangalia na paneli. Ilikuwa kama sentimita 35 kwa 25. Jua kali la mchana linashusha kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri inabadilisha kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Piga hesabu: paneli ya ukubwa ule haiwezi kuvuka wati 17 au 18 hata jua liwe la Septemba. Sasa kitu kinachovuna wati 17 mchana kitatoaje wati 300 usiku kucha? Hesabu hii ni ya darasa la saba, na mimi nimeuza zile taa miezi mitano bila kuipiga.

Kwa hiyo somo la kwanza la taa: wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unapimwa kwa lumeni. Tumezoea kuchanganya kwa sababu ya balbu za zamani za waya, ambazo wati zikiwa nyingi mwanga unakuwa mwingi, basi. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa lumeni kama 700. LED ya wati 7 au 8 inatoa hizohizo. Tofauti inakwenda wapi? Inakwenda kwenye joto. Ile ya zamani karibu umeme wote ulikuwa unageuka joto, ndiyo maana wafugaji walikuwa wanawashia vifaranga. (Mteja akikuuliza LED ya kupasha vifaranga, mwambie ukweli, usimuue kuku wa watu.)

LED nzuri za siku hizi zinatoa lumeni 100 na zaidi kwa kila wati moja. Rangi nyeupe yenyewe tumeipata juzi tu ukilinganisha: ilibidi kwanza ipatikane LED ya bluu yenye nguvu, na Wajapani watatu walioihangaikia, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kabla ya hapo LED tulikuwa tunazijua kama vile vitaa vyekundu vya kwenye redio.

Sasa twende kwenye taa kubwa za barabarani, maana wateja wanaziona wanakuja kuniuliza "nataka kama ile". Zile za zamani zenye mwanga wa rangi ya chungwa ni za sodiamu. Siwezi kuzitukana, zimefanya kazi miaka mingi na kwa kila wati zinatoa mwanga mwingi kuliko balbu yoyote ya waya. Lakini zina mambo yake. Moja, zinatupa mwanga pande zote, hadi juu kwa ndege, na inabidi kioo cha ndani kiurudishe chini, na kila ukirudishwa unapotea kidogo. Mbili, zina choki inayokula umeme wake: taa ya wati 250 inakula kama 275 ukijumlisha. Tatu, na hili kwa Tanzania ni kubwa, umeme ukikatika sekunde tano tu taa inazima na haiwaki hapohapo umeme ukirudi. Inasubiri ipoe, dakika kadhaa, halafu inaanza kupanda taratibu. LED inawaka papo hapo. Waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, umeme unavyokwenda na kurudi, wanajua ninachosema.

La nne ni la wauza nguo. Chini ya taa ya sodiamu rangi hazionekani. Gauni la bluu linaonekana kijivu cheusi, jekundu linaonekana kahawia. Umepeleka mzigo usiku, mteja katoka nje kaukagua chini ya nguzo, anakwambia "rangi siyo ya kwenye picha". Hajakosea na wewe hujakosea, ni taa. Mwambie awashe tochi ya simu kabla hamjaanza kugombana.

Tupige hesabu ya hela. Umeme wa taa za barabarani uko kwenye kundi la T1 la TANESCO, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Taa moja ya sodiamu inayokula wati 275, saa kumi na mbili kila usiku, kwa siku thelathini ni uniti 99. Hiyo ni shilingi 28,908. Ukiweka LED ya wati 110, ambayo kwenye barabara nyingi inatosha kushika nafasi yake, ni uniti 39.6, shilingi 11,563. Nguzo moja inaokoa zaidi ya elfu kumi na saba kwa mwezi. Nguzo mia moja ni zaidi ya milioni moja na laki saba. Jiji la Los Angeles kule Marekani lilibadilisha taa zaidi ya 140,000 kuanzia 2009 hadi 2013, na umeme wa taa hizo ukapungua kwa zaidi ya asilimia 60. Hesabu ni ileile, nguzo tu ndo nyingi.

Kwa hiyo swali ambalo wengi huwa mnauliza, "mbona serikali zinabadilisha taa ambazo bado zinawaka", jibu ni bili. Na fundi naye: taa ambayo haiungui mara kwa mara haihitaji gari la ngazi kila mwezi.

Ila sisi mtaani hatukuwa na taa ya kubadilisha. Tulikuwa na giza. Na hapa ngoja niseme kitu kwa wale wanaotaka kufunga taa za mtaa kwa michango kama sisi. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za mitaa ni za TARURA, iliyoanza 2017. Ukitaka kuchimbia nguzo kando ya barabara pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, wakuelekeze. Na nguzo za TANESCO usiziguse! Usifunge taa juu yake, usivute waya hapo hata kama fundi wako anakwambia ni dakika mbili. Hilo si suala la faini tu, kuna watu wameacha familia kwa dakika mbili hizo.

Tulichofanya sisi, baada ya mimi kuaibika vya kutosha, ni hiki. Kila nyumba iweke taa yake kwenye ukuta wake, kwenye LUKU yake, ila iangalie njia. Taa ya nje ya LED ya wati 12 halisi, lumeni 1,200. Linganisha na ile ya sola iliyotakiwa kuwaka usiku kucha kwa wati tatu zisizotimia: ingetoa lumeni kama 270, sawa na balbu ya zamani ya wati 25 na chenji. Kumi na nne za hivi zinazidi nne za vile kwa mbali.

Kelele zikaanza kwenye LUKU. "Umeme wa kumulikia wapita njia nilipe mimi?" Nikachukua kalamu. Wati 12 mara saa 12 ni 144. Mara siku 30 ni uniti 4.32. Aliye kwenye D1, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100, ni shilingi 432 kabla ya kodi na tozo. Aliye kwenye T1 ni 1,261. Mwenye D1 aangalie tu asivuke 75, maana zinazozidi hapo ni shilingi 350 kila uniti. Nyumba iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ya wapangaji sita wenye LUKU moja. Mnawajua wapangaji wa LUKU moja, pasi ya mtu ikiwaka dakika kumi watu hawasalimiani. Nikagawanya kwa sita mbele yao: hata ukiweka kodi na tozo haifiki shilingi 300 kwa mtu kwa mwezi. Mama mmoja akasema, "Kwani maandazi mangapi hayo?" Kikao kikafungwa.

Kuhusu zile 140,000: sikuwa nazo taslimu za kurudisha. Nilizichukua zile taa nne, nikawahesabia kila nyumba elfu kumi yake kwenye taa mpya niliyoiuza 13,000, wakaongeza elfu tatu tatu. Faida sikuona. Zile nne za sola nikazitangaza upya, safari hii hivi: "Taa ya sola ya chooni au banda la kuku. Mwanga mkali saa tatu, halafu imekwisha. Siku ya mawingu chini ya hapo. Boksi linasema wati 300, usiliamini. 15,000." Ziliisha kwa siku mbili. Mteja mmoja wa Sikonge aliniuliza kama ninazo nyingine.

Hilo ndilo lililonibadilisha kwenye kuandika matangazo. Siku hizi tangazo la taa ya nje kwangu linakuwa na vitu hivi: "LED ya ukutani, wati 12 nilizozipima mwenyewe, lumeni 1,200, kelvini 3000, IP65, umeme 85 hadi 265V, inajiwasha jioni na kujizima asubuhi. Ikiwa mita 3 juu, inamulika kama mita 10 za njia. Waranti miezi sita, unairudisha dukani kwangu." Watu wanadhani maneno mengi yanafukuza wateja. Yanafukuza wale ambao wangerudisha mzigo.

Wati nazipima na kamita kadogo ka kuchomeka kwenye soketi. Nunua, kanajilipa. Nimekuta taa za "wati 50" zinakula 18. Alama ya TBS nayo iangalie kabla hujabeba mzigo wa jumla, usiiangalie mteja akishakurudishia.

IP65 maana yake ni kwamba vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayapiti. Taa ya ndani ukiiweka nje Tabora, mvua mbili tu imejaa maji na mizoga ya kumbikumbi. Kumbikumbi wenyewe wakitoka na mvua za kwanza wanafuata mwanga, watoto wa mtaani wanashukuru, lakini taa isiyoziba vizuri inageuka mtego.

Ile 85 hadi 265V ni uwezo wa draiva, kale kasanduku ka ndani kanakobadilisha umeme wa ukutani uwafae LED. LED zenyewe hufa mara chache, kinachokufa mara nyingi ni draiva. Jioni watu wote wamewasha, umeme unashuka, taa mbovu inaanza kupepesa. Usiku radi inapiga, umeme unapanda ghafla, draiva ya bei rahisi imekwenda. Na radi za Tabora mnazijua. Kwa hiyo mteja akikwambia "taa imeungua", kabla hujambishia muulize kama jana kulikuwa na radi. Taa inayofungulika na kubadilishwa draiva muuzie kwa bei ya juu kidogo na umweleze kwa nini. Halafu shika mgongo wake: ukiwa bati jepesi bila mapezi ya kutolea joto, joto litaimaliza mapema.

Kelvini ni rangi ya mwanga. 3000 ni njano ya moto wa jiko, 6500 ni nyeupe yenye ubluu kama ya maabara. Wateja wetu wanapenda nyeupe kali, wanasema ndo yenye nguvu. Mwanzoni nilikuwa nawapa tu. Lakini mwaka 2014 mji wa Davis, California, uliweka LED nyeupe kali kwenye mitaa ya makazi, wakazi wakalalamika hadi zikabadilishwa tena kwa zenye mwanga tulivu. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kikashauri taa za barabarani zisivuke kelvini 3000, kwa ajili ya macho ya madereva na usingizi wa watu. Hapa mtaani hatukuhitaji madaktari. Nyumba mbili waliweka 6500, jirani wa mbele akaja kulalamika chumba chake usiku kama uwanja wa mpira.

Na hata lumeni ziwe nyingi vipi, mwanga ukikupiga usoni huoni kitu. Bodaboda akitoka gizani akakutana na taa inayomwangalia machoni, ule mtaro nyuma yake haupo. Taa iangalie chini. Kama unawafungia wateja, simama njiani mwenyewe, ukiona punje za LED zenyewe zinakuchoma macho, ishushe uso. Na kwa umbali, kanuni ya mafundi ni kwamba taa hadi taa iwe mara tatu au nne ya urefu wake. Mita tatu juu, basi mita tisa hadi kumi na mbili. Nyumba zetu zimekaa hivyohivyo, ilikuwa bahati.

Kuna waliotaka tuweke mlingoti mmoja mrefu wenye taa kubwa juu, kama zile za Nairobi wanazoziita mulika mwizi. Zile zinafaa eneo pana la wazi, soko au stendi. Kwa uchochoro wenye kuta na miembe utapata vivuli virefu, na mlingoti ukizima ni eneo zima. Kwetu ikizima moja, jirani zake wawili bado wanashika njia.

Jambo moja la picha kabla sijamaliza. Kamera ya simu inadanganya usiku. Inaongeza mwanga yenyewe, taa ya wati tatu inaonekana kama jua. Ukitaka kupiga picha ya taa kwa haki, gusa kioo kwenye ukuta wenye mwanga na ushikilie mpaka kamera ijifunge hapo, halafu msimamishe mtu hatua kumi kutoka kwenye taa. Kama sura yake inaonekana kwenye picha, mteja ameelewa kila kitu. Mimi namsimamisha yule bodaboda wa goti, namlipa soda.

Mtaa sasa hivi unawaka nyumba kumi na tatu. Yule mama wa mihogo anafunga saa tatu. Mimi mizigo ya jioni nimeanza tena kuipokelea nyumbani. Nyumba ya kumi na nne, ile iliyo usawa wa mtaro, taa yake ilikufa wiki mbili zilizopita siku ya radi, na mwenye nyumba yuko Mwanza. Nimeshampigia, amenitumia funguo kwa basi. Draiva ninayo, fundi anakuja Jumamosi.